Tupeane uzoefu: filamu uliyotazama karibuni, nini kinaifanya ikubalike au ikataliwe?

mla_bisi: Wakuu, leteni mlichotazama karibuni: vichekesho, filamu za kisayansi, dokumentari. Ukisema tu "kali" au "bure kabisa" hujatusaidia. Taja kinachofanya kazi, kinachoharibu, na kwa nini.

Naanza na Gravity ya 2013. Ukimya wa angani wameuheshimu: vitu vinapasuka na husikii kitu ila mtetemo unaopita kwenye suti. Safari yenyewe, ya wanaanga kutoka darubini ya angani ya Hubble kwenda ISS, kituo cha anga cha kimataifa, ndiyo haiwezekani. Wengi wanadhani shida ni kimo, kwa kuwa Hubble iko kilomita 500 hivi juu na ISS 400 hivi. Shida kubwa ni mwelekeo. Njia ya Hubble imeinama nyuzi 28.5 kutoka ikweta, ya ISS nyuzi 51.6. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunataka kubadili kasi kwa kilomita 3 hivi kwa sekunde, hata ukivizia pale njia zinapokatana. Mkoba wa kurukia waliotumia wanaanga wa NASA miaka ya 1980 ulitoa mita 25 hivi kwa sekunde. Hapo hufiki. Na ile kamba! Mwanaanga mmoja anajiachia apotelee angani, eti asimvute mwenzake. Wakishatulia wote wawili hakuna kinachomvuta mwenzake. Mkono ungevuta kidogo tu angerudi.

fundi_mitambo: Mkuu, The Martian (2015) nayo inafungua kwa uongo mkubwa, dhoruba kwenye sayari ya Mirihi inayotaka kuangusha roketi, halafu sehemu kubwa iliyobaki inasema kweli. Ujazo mmoja wa hewa ya Mirihi una uzito wa sehemu 1 hivi kati ya 60 ya hewa yetu. Nguvu ya upepo hufuata uzito huo na kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo upepo wa kilomita 160 kwa saa kule unasukuma kama wa 20 huku. Bendera itapepea, roketi haianguki.

Kwenye viazi ambavyo mwanaanga aliyeachwa kule analima ili aishi, kemia ya maji ni sahihi. Haidrazini, mafuta ya roketi, inapitishwa juu ya metali ya iridiamu, inavunjika kuwa nitrojeni na haidrojeni, haidrojeni inaunguzwa kwa oksijeni, unapata maji. Hata mlipuko una sababu: jamaa hakuhesabu oksijeni anayoitoa mwenyewe akipumua. Walichoruka ni pakloreti, chumvi yenye sumu ambayo chombo cha Phoenix kiliikuta kwenye udongo wa Mirihi 2008. Inayeyuka kwenye maji, basi udongo ungeoshwa kwanza, na maji ndiyo hayo hayo ya kupimiana.

binti_wa_reli: Ya kisayansi kutoka kwetu: Pumzi ya Wanuri Kahiu, Kenya, 2009, dakika 20 hivi. Jasho na mkojo vinachujwa na kunywewa tena, umeme unatoka kwa watu wanaofanya mazoezi kwenye mashine, na hakuna anayesimama kukuhutubia. Unaona chupa, unaelewa dunia nzima. Ingerefushwa ifike saa mbili ingeharibika.

kibanda_umiza: Kwenye vichekesho, ugonjwa ni kukatakata picha. Mtazameni Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu za Marekani, katika Steamboat Bill, Jr. (1928). Ukuta wote wa mbele wa nyumba unamwangukia, uwazi wa dirisha la juu unampitia mwilini, naye kasimama wima. Kamera iko mbali, hakuna mkato. Wangekata kwenda usoni pake ungeshuku hila, na kicheko kingefia hapo.

Zetu nyingi zina kosa jingine: mlio wa katuni baada ya kila utani, kana kwamba mtazamaji lazima afinywe ndipo acheke. Mzee Majuto alikuwa ananyamaza, anakodoa tu, watu hoi. Na ukitazama iliyotafsiriwa na DJ, ujue ukimya wa namna hiyo ndio wa kwanza kufunikwa.

mwana_mwanza: Ile dokumentari ya mapanki (mabaki ya sangara yakishatolewa minofu) ya Mwanza, Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper, bado inagombaniwa. Rais Kikwete aliikosoa hadharani 2006. Itazame na karatasi yenye safu tatu: kilichoonekana, kilichosemwa, kilichounganishwa na mhariri. Mapanki yakianikwa, ndege na minofu ya sangara: yameonekana. Kwamba ndege hizo huleta silaha Afrika: imesemwa tu. Hakuna picha ya bunduki zikishushwa Mwanza. Lakini ndege zikitua zimewekwa jirani na maneno hayo, akili inamalizia yenyewe.

mla_bisi: Safu ya tatu ndiyo ngumu. Unaikamataje?

mwana_mwanza: Zima sauti, rudia kipande hicho hicho. Kinachobaki ndicho kamera ilichokipata.

fundi_mitambo: Nyongeza, kabla hujaitukana filamu. Ikionekana laini mno kama tamthilia ya mchana, kosa ni la TV. Filamu nyingi ni fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde. TV inabuni fremu za katikati. Kwenye Samsung tafuta Auto Motion Plus (mpya huiita Picture Clarity), LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Zima. Muziki ukimeza maneno, badili sauti kutoka 5.1 (ya spika sita) kwenda stereo (ya spika mbili): kwenye 5.1 mazungumzo mengi hupelekwa spika ya kati, na sebule nyingi hazina spika hiyo.