Fundi kaniambia NIONGEZE SAUTI. Wakuu, mimi ndiye mwendawazimu au?

Udi_na_Ganuni:
Naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe herufi.

Mnamjua. Yule wa Kariakoo, wa ngazi za pembeni, mwenye kaunta ya kioo na kiti kimoja cha mteja chenye miguu mitatu. Simtaji, na nyie msimtaje, anapita humu kila siku.

Mwezi mzima nimemweleza: kaka, nataka kompyuta KIMYA. Usiku nasikiliza taarabu ya zamani, zile rekodi ambazo mpiga udi akivuta pumzi unamsikia. Nikichoka nacheza gemu la kuviziana, lile ambalo usiposikia nyayo nyuma ya ukuta umeshakufa. Nikamwandikia kwenye karatasi: feni mbili tatu kubwa, za milimita 140, zizunguke taratibu, kipoza joto cha mnara, SSD peke yake, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka; hard disk ya kukwaruza sitaki hata kuiona. Akaitikia "usijali bosi" mara arobaini. Milioni 2 na laki 3 nikamhesabia mkononi.

Leo jioni nimewasha. Paka wa jirani karuka ukuta. Pazia limepepea. Feni tano zina taa kama basi la harusi, zinavuma utadhani chumba changu cha Tabata kinataka kuruka kwenda Mwanza. Mama mwenye nyumba kagonga mlango: "Baba, umefunga mashine ya kusaga humo ndani? Luku si tunachanga?"

Nikampigia fundi. Nikaiweka simu ubavuni mwa kompyuta asikie mwenyewe. Akasikiliza. Akakaa kimya kidogo. Halafu, kwa upole kabisa, kama anayempa mtu pole ya msiba: "Sasa bosi, si uongeze sauti ya spika? Hutaisikia."

NIONGEZE SAUTI.

Umepeleka suruali imechanika nyuma, fundi anakwambia utembee kinyumenyume. Nyayo za adui nizisikie vipi, nimwombe akanyage kwa nguvu? Niongeze sauti! Na kinachoniuma zaidi ni jibu langu. Nilisema "haya." Wakuu, nilisema HAYA, nikakata simu.

Kipanga_Mweusi:
Sijaelewa, kuna kelele huku. Ongeza sauti.

Mama_Vitumbua:
Milioni 2 na laki 3 usikie mwanaume akivuta pumzi? Wangu anakoroma bure, tena bila umeme.

Bisibisi:
Mleta uzi punguza povu, fungua ubavu wa hilo kasha. Waya za feni zimechomekwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu, au zimeungwa moja kwa moja na pawa saplai kwa ile plagi nyeupe ya pini nne kubwa?

Udi_na_Ganuni:
Nyeupe. Zote tano.

Bisibisi:
Basi zinakula volti 12 mwanzo mwisho, hata ukiwa unaandika barua. Hamishia kwenye mazabodi, ingia BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, zipange ziongeze kasi joto likipanda tu. Kwa joto la Dar usitegemee zisimame kabisa, ila desibeli 10 zikishuka sikio linaona kelele imebaki nusu. Halafu chungulia pale kipoza joto kinapokalia prosesa. Kuna nailoni?

Udi_na_Ganuni:
Wakuu.

Nailoni ipo. Ukingo wake unaonekana, na maandishi yake ya kuitoa kabla ya kufunga.

Nailoni ipo na mtu ananiambia niongeze sauti.

Bisibisi:
Ndiyo maana feni ya prosesa inapiga mayowe, joto halina pa kutokea. Ing'oe, futa, weka pesti mpya ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya njegere. Usipake kama siagi ya mkate.

Kipanga_Mweusi:
Hata angeletewa zile feni za Noctua za Austria za rangi ya kahawia, huyo angezichomeka palepale kwenye nyeupe.

Mtoto_wa_Pongwe:
Nilijua tu ni yeye! Mimi GPU yangu, kadi ya picha, inalia kama mbu kila gemu likifunguka. Nimempelekea, kaikagua nusu saa, akaniuliza kama nyumbani nina chandarua.

Mama_Vitumbua:
😂😂 Huyo mtu asifungwe, tutacheka na nini?

Udi_na_Ganuni:
Chandarua nafuu. Mimi kaniambia niongeze

Mkazi_wa_Sinza:
Nyie mnalilia feni. Mimi baa mbele, gereji nyuma, na katikati kuna jogoo asiyejua saa. Saa 8 usiku anawika, saa 9 anawika, saa 10 anakaa kimya kupumzika, nikianza kusinzia tu anarudi kazini.

Mtoto_wa_Pongwe:
Taa ya baa inammulika huyo. Jogoo akiona mwanga anajua kumekucha.

Mkazi_wa_Sinza:
Nilimfunika tenga na gunia. Akawika humohumo ndani ya gunia.

Bisibisi:
Gunia halizuii sauti mkuu, inapitia kwenye matundu. Ungemhamishia

Mama_Vitumbua:
Mchinje mumalize. Ana kilo ngapi?

Mkazi_wa_Sinza:
Zinafika 3. Ila si wangu, ni wa mwenye nyumba.

Kipanga_Mweusi:
Wa kienyeji kabisa au chotara? Nipo Segerea, nina wageni Jumamosi.

Mkazi_wa_Sinza:
Kienyeji safi. Elfu 25, njoo saa 8 usiku. Utamsikia mwenyewe alipo.