Tupeane uzoefu: mradi wa mwaka wa mwisho wa filamu na utangazaji, wewe ulikwama wapi?

Kamera Mkononi (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Naona wadogo zetu wa mwaka wa tatu wameanza kuhaha na miradi, nikaona tufungue uzi. Ushauri wa vitabuni tumeushiba. Leta kilichokukuta wewe.

Naanza. Tulikuwa watano, filamu ya makala ya dakika 15 kuhusu akina mama wanaonunua samaki mnadani pale soko la Feri, Dar. Kamera ya idara tulipewa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Jumamosi alfajiri, mnada umechangamka, mama mmoja akaanza kutusimulia alivyosomesha watoto kwa beseni moja la samaki. Akafika mahali akanyamaza, akafuta macho kwa pindo la kanga, kisha akasema neno ambalo ndilo lilikuwa filamu yenyewe. Mimi niko nyuma ya kamera, najipongeza kwa mwanga. Usiku tunafungua faili: mdomo unacheza, sauti hakuna. Maiki ya kifuani ilikuwa imezimwa, na mwenzetu wa sauti alikuwa amevaa hedifoni shingoni kama mkufu.

Kesho yake tukamwomba arudie. Akarudia, lakini kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani. Kilichotuokoa ni binti wa kundi letu aliyekuwa akijirekodia kwa simu, video za kuweka status. Sauti chafu, mnada mzima umo, ila neno linasikika. Hatukuwa tumepiga kofi la kuanzia mbele ya kamera, lile la kulinganishia mlio na picha, kwa hiyo picha na sauti tulizioanisha kwa kutafuta mlio wa kisu kikigonga ubao. Siku nzima kwa sekunde 40.

Bumu Limekata
Pole mkuu. Yangu fupi. Saa mbili kabla ya kukabidhi, nimesharenda, yaani filamu yote imeshakuwa faili moja, nakopi kwenye flashi. Faili GB 5.6, flashi GB 32 haina kitu ndani, kompyuta inaniambia faili ni kubwa mno. Nikakimbia kununua flashi nyingine kwa hela ya kula. Yaleyale! Kijana wa steshenari ndiye aliyenitoa, wala hakuinua macho kwenye fotokopi yake: "Hiyo imefomatiwa FAT32, haibebi faili moja linalofika GB 4. Weka exFAT." Dakika mbili kazi imeisha. Miaka mitatu darasani hakuna aliyenitajia.

Mwana wa Pwani
Mimi niko Mombasa, wangu ulikuwa wa redio, dakika 20, juu ya wavuvi wazee na pepo za kusi na kaskazi. Nilimhoji mzee mmoja Mji wa Kale, kibarazani kwake, jioni. Katikati ya maneno ikaadhiniwa. Nami nikafurahi, nikasema hii ndiyo sauti ya mahali.

Kumbe nimejifunga. Nilipokaa kuhariri, kila nikikata sentensi, adhana nayo yaruka. Mzee asema jambo la maana, nyuma muadhini amemeza nusu ya tamko. Msikilizaji yeyote wa huku angeng'amua, na si makosa tu, ni utovu wa adabu. Ilinibidi nirudi. Safari hii nilinyamaza wakati wa adhana nikairekodi peke yake, kisha nikarekodi kibaraza kitupu dakika nzima, hakuna anayesema, ili niwe na kitu cha kuziba pale ninapokata. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, wanasa nini na hapana asemaye?"

Sapu Mbili
Sisi tulikwamishwa na binadamu. Kundi la watu sita, mmoja tulimwona siku ya kugawana majukumu na siku ya kuprezenti. Kwenye majina ya mwisho akataka aandikwe "mwongozaji". Nakwambia nusura tupigane! Tukamwandika kwenye shukrani, kati ya mwenye bodaboda na mama ntilie.

Msimamizi Mstaafu
Wanangu, nami niseme. Nimesimamia miradi hii miaka mingi, na ninyi hapa mmezungumzia kamera, maiki na flashi. Ripoti hakuna aliyeigusa. Mnaiandika usiku mmoja, mnakuja na Sura ya Tatu, ile ya mbinu mlizotumia, inayosema "tulitumia kamera ya kisasa". Mimi nilikuwa naomba daftari la mafaili kwanza: faili lipi, lilipigwa lini, nani anaongea, dakika ya ngapi. Aliyekuwa nalo, hata filamu yake ikichechemea, nilijua anajua alichokuwa anatafuta. Halafu muziki. Kila mwaka mtu ananiwekea wimbo wa bongo fleva unaovuma, nikimwuliza ruhusa ya msanii iko wapi, ananiangalia kama nimemtukana. Kuandika jina la msanii mwishoni si ruhusa.

Bumu Limekata
Shikamoo mwalimu. Hilo la wimbo limenichoma, mimi ni mmoja wao.

Msimamizi Mstaafu
Marahaba. Nilishahisi.

Nuru ya Jioni
Niko mwaka wa tatu sasa hivi, tunaanza kupiga picha wiki ijayo, nimeshaandika kwa kalamu nyekundu: HEDIFONI MASIKIONI. Ila Kamera Mkononi, yule mama wa Feri aliiona filamu?

Kamera Mkononi
Aliiona. Baada ya matokeo tulimpelekea kwenye kompyuta mpakato, tukamwekea pale pale mezani kwake, wenzake wakajazana. Ilipofika sehemu ile anapofuta macho sisi wote tukainamisha vichwa. Yeye alikuwa anaangalia beseni. Akasema, "Mbona siku ile nilikuwa na kolekole wakubwa hivi, mmenionyesha na vibua tu?"