Mfereji wa barafu wa zaidi ya kilomita moja unabakije umeganda juani?

Mkazi wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Juzi niliangalia pamoja na mwanangu wa kidato cha pili marudio ya mashindano ya bobsledi, yaani vile vigari vya watu wawili au wanne vinavyoshuka mlimani kwa kasi ya zaidi ya kilomita 130 kwa saa ndani ya mfereji uliotandikwa barafu. Mtangazaji alisema kwamba barafu hiyo haitokani na theluji, bali hugandishwa kwa mitambo, na kwamba siku hiyo jua lilikuwa linawaka na hewa ilikuwa juu ya nyuzi sifuri. Mwanangu akaniuliza inawezekanaje, nami nikakosa jibu.

Kinachonitatiza ni hiki. Nyumbani tuna friza ambayo mama watoto anagandishia barafu za ukwaju na ubuyu za kuuza. Siku ambazo wateja ni wengi na mfuniko unafunguliwa kila dakika, vifuko vilivyowekwa asubuhi hufika jioni vikiwa bado majimaji katikati. Hiyo ni friza yenye mfuniko, yenye kuta nene, na imo ndani ya nyumba. Sasa mfereji wa zaidi ya kilomita moja, usio na mfuniko, ulio nje kabisa, unagandishwaje na kubaki hivyo kwa miezi? Na je, kitu cha aina hiyo kingewezekana hapa Dar es Salaam, au joto letu linakikataa moja kwa moja?

Mjasiriamali wa Feri

Mkuu, mimi ninavyofahamu wanatumia chumvi. Hapa sokoni Feri tunapohifadhi samaki, ukichanganya barafu iliyopondwa na chumvi, baridi yake inazidi ile ya barafu tupu, na samaki wanakakamaa kama mbao. Nadhani na wao wanamwagia chumvi juu ya ile barafu ili isiyeyuke.

Fundi Mstaafu wa Amonia

Ndugu yangu wa Feri, umeshika mkia wa jambo la kweli, ila kichwa chake kiko kwingine. Ukimwaga chumvi juu ya barafu ya michezo utaiyeyusha, na ndiyo maana huko kwenye nchi za baridi wanaimwaga barabarani ili magari yapite. Mchanganyiko wako unakuwa wa baridi zaidi kwa sababu barafu inapoyeyushwa na chumvi hunyang'anya joto kila kilicho jirani nayo, na jirani yake ni samaki wako. Chumvi hutumika kwenye viwanja vya barafu, lakini hukaa ndani ya mabomba: maji yaliyokolezwa chumvi ya kalisi kloridi hayagandi hata yakiwa chini ya nyuzi 20 hasi, kwa hiyo yanaweza kuzungushwa chini ya uwanja na kubeba joto kulirudisha kwenye mtambo. Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha barafu ya mabonge hapa hapa mjini, na tenki letu lilikuwa la maji ya chumvi ya namna hiyo, makopo ya maji safi yakiwa yamezamishwa ndani yake.

Sasa nije kwa mwenye swali. Jambo la kwanza ni kuacha kufikiri kwamba mtambo unaingiza baridi. Mtambo hauna baridi ya kumpa mtu; kazi yake ni kuhamisha joto kutoka mahali pamoja na kulitupa pengine. Friza yako inalitoa joto ndani na kulimwaga nyuma, kwenye zile nyaya nyeusi zinazochoma mkono. Mfereji wa bobsledi ni friza iliyogeuzwa ndani nje: badala ya kuta baridi kuzunguka chumba, kuna ukuta mmoja mrefu wa zege uliojaa mabomba, na barafu imeshikamana na uso wake. Barafu haipozwi na hewa iliyo juu yake, inapozwa kutoka chini. Hewa ni adui tu, na mradi joto linaloondolewa kwa chini halipungui kuliko lile linaloingia kwa juu, barafu haina sababu ya kuyeyuka, hata kama mtazamaji amevaa shati la mikono mifupi.

Mfereji wa kwanza wa aina hiyo kugandishwa kwa mitambo ni ule wa Königssee, Ujerumani, uliokamilika mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo watu walitegemea majira, na mpaka leo ule wa St. Moritz, Uswisi, hujengwa upya kila mwaka kwa theluji na maji, kisha msimu ukiisha huachwa ujiyeyukie.

Mabomba ya chuma hukunjwa kufuata umbo la kila kona, hufungwa pamoja na nondo, kisha zege hurushwa kwa mpira wa shinikizo mpaka liyafunike, na mafundi hulisawazisha kwa mkono wangali na dakika chache kabla halijashika. Mgongo wa zege hupakwa povu zito la kuzuia joto. Ndani ya mabomba, kwenye mifereji mingi, hupita amonia yenyewe, ile gesi kali ya kupozea ya mitambo mikubwa, si maji ya chumvi. Hapa ndipo penye ufundi ninaoupenda. Amonia haisukumwi ili ipite ikiwa baridi na irudi imepata joto, kama maji ya rejeta. Inasukumwa ikiwa kimiminika ili ichemkie humo humo bombani. Kitu kinachochemka hakibadili nyuzi zake: sufuria ya maji ya ugali hubaki kwenye nyuzi 100 hata ukiongeza mkaa, kinachoongezeka ni mvuke tu. Vivyo hivyo, amonia iliyozuiliwa kwenye shinikizo la karibu mara 2.3 ya lile la hewa huchemka kwenye nyuzi 15 hasi, iwe mwanzoni mwa bomba au mwishoni. Pampu hupeleka kimiminika kingi kuliko kinachoweza kuchemka, ili kuta za bomba zisikauke mahali popote, na kinachobaki hurudi tenkini pamoja na mvuke. Kompresa hunyonya mvuke peke yake, huukandamiza mpaka uwe moto, na kondensa huupoza urudi kuwa kimiminika.

Kila kilo ya amonia inayochemka kwenye baridi hiyo hubeba zaidi ya kilojuli 1,300 za joto, karibu mara sita ya gesi ya R134a iliyomo kwenye majokofu mengi ya nyumbani. Ndiyo maana wenye mitambo mikubwa hawaiachi, pamoja na ukali wake. Vijana wanaonunua mabomba ya shaba Kariakoo wajue kwamba amonia yenye unyevu huila shaba, kwa hiyo mabomba yote, valvu na vifungio ni vya chuma. Nasi kiwandani, tulipohisi harufu na hatuoni inakotokea, tulikuwa tunawasha kijiti cha salfa na kukipitisha taratibu kwenye viungo vya bomba. Panapovuja, moshi wake unageuka mweupe mzito kama wingu. Siku moja wingu hilo lilijitokeza kwenye shingo ya valvu niliyokuwa nimeikaza mwenyewe asubuhi yake, na msimamizi hakusema neno, alinipa spana tu.

Kuhusu jua, hawalidharau. Mfereji wa Yanqing uliotumika kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2022, wenye urefu wa karibu kilomita mbili, umejengwa kwenye mteremko unaotazama kusini, upande ambao huko kwao jua huupiga zaidi, na kwa hiyo umewekewa paa na vivuli kwa urefu wake. Tena, mfereji hugawanywa vipande, kila kimoja na vihisi vyake vya joto na valvu zake, ili kona iliyo juani ipate amonia zaidi kuliko iliyo kivulini.

Barafu yenyewe ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani, sentimita mbili hadi tano hivi. Wafanyakazi huinyunyiza kwa mpira kama ukungu, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu kwenye kona ambazo ukuta umesimama wima maji mengi ya mara moja yangeteremka kabla hayajaganda. Baada ya hapo huikwangua kwa vyuma, wakitembea kwa viatu vya misumari, nayo kazi hiyo hurudiwa kila siku ya mashindano.

Mwalimu wa Temeke

Namshukuru Mzee Fundi, nami niongeze upande wa hesabu, kwa kuwa mwenye swali ameuliza kuhusu Dar es Salaam. Mfereji wa bobsledi hapa kwetu nauweka kando, kwani unahitaji mteremko wa zaidi ya mita 100. Nichukue uwanja wa ndani wa kuteleza, wenye mita 60 kwa 30. Afrika Mashariki tayari imewahi kuwa nao: hoteli ya Panari, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na timu ya magongo ya barafuni ya Kenya ikafanyia mazoezi hapo. Nairobi, hata hivyo, iko juu ya mita 1,600 na hewa yake si nzito kama yetu.

Uwanja wa ukubwa niliotaja una mita za mraba 1,800. Ukiumwagia maji ya kina cha sentimita tatu, unapata tani 54. Maji ya bomba hapa yana kama nyuzi 28. Kila kilo huondolewa kilojuli 117 ili ifike sifuri, kisha kilojuli 334 ili igande bila kushuka hata nyuzi moja, kisha 10 tu ili ifike nyuzi tano hasi. Mwanao azingatie hiyo namba ya katikati, kwa maana ndiyo siri ya vifuko vyenu vya ubuyu: kupoa ni haraka, kuganda ndiko kunakochukua mchana kutwa. Jumla ni kilojuli 461 kwa kilo, na kwa tani 54 hiyo ni sawa na takriban uniti 6,900 za joto, maana uniti moja ni kilojuli 3,600. Kwa mtambo ambao kila uniti moja ya umeme inahamisha uniti tatu za joto, utahitaji kama uniti 2,300 za LUKU kwa kugandisha tu, kabla hujahesabu linalovuja.

Linalovuja ndilo la kuogopa, na kwa hapa kwetu chanzo chake kibaya kuliko vyote ni unyevu. Weka chupa ya soda baridi mezani mwezi wa Machi, uone baada ya dakika mbili ilivyolowa na kuacha duara la maji kwenye kitambaa. Yale maji yalikuwa mvuke hewani, na kila kilo ya mvuke inapotua juu ya barafu na kuganda hapo huacha kilojuli zipatazo 2,800. Kilo moja ya unyevu, kwa hiyo, inautwisha mtambo mzigo wa kugandisha kilo sita za maji ya bomba. Mama watoto anapofungua mfuniko, hewa ya Tabata inaingia na unyevu wake wote, na ule ukungu mweupe unaoota kwenye kuta za friza ni stakabadhi yake. Uwanja wa Dar es Salaam ungekuwa lazima uwe jengo lililofungwa, lenye milango miwili miwili na mashine za kukausha hewa. Paa la bati nalo lisiwe wazi juu ya barafu, kwa kuwa bati lililopata joto hulimulika kuja chini hata pasipo upepo. Huwekwa dari yenye uso wa kung'aa kama karatasi ya fedha, ambao hutoa mionzi kidogo.

Hofu ya amonia ina msingi. Mwaka 2017, katika mji wa Fernie, Canada, amonia ilivuja kwenye mtambo wa uwanja wa barafu na watu watatu wakafariki. Kwa majengo yenye watazamaji ndani, ni busara amonia ibaki kwenye chumba cha mashine, na chini ya barafu yapite maji ya chumvi au ya glikoli, kimiminika kingine kinachozuia maji yasigande upesi.

Mkazi wa Tabata

Mzee Fundi na Mwalimu, shikamooni. Mwanangu amenakili hesabu yote kwenye daftari. Amebaki na swali moja, nami naona ni la haki kabisa kwa mtoto wa Dar es Salaam: umeme ukikatika je?

Fundi Mstaafu wa Amonia

Marahaba, na umpe mtoto hongera. Tuchukue uwanja huo wa Mwalimu, tukadirie kwamba joto linaingia kwa wati 150 kwa kila mita ya mraba. Kuyeyusha sentimita zote tatu kungechukua kama saa 17, kwa hiyo mtu akija baada ya saa tano atakuta barafu bado ipo. Tatizo ni uso wake. Uso ukishafika sifuri, milimita moja ya juu huyeyuka kwa kama dakika 35, na milimita moja ya maji inatosha kuharibu mchezo.

Ila kabla ya kufika hapo kuna akiba. Zege lililo chini na maji ya chumvi yaliyomo mabombani na tenkini bado ni baridi kuliko barafu. Kwa hiyo, jenereta ikiwa ndogo, usiihangaishe na kompresa, ambayo ndiyo inayokula umeme mwingi. Iwashie pampu ya maji ya chumvi, zima taa kubwa, funga milango, na watu watoke, maana kila mwili unaopumua humo ndani unaleta joto na mvuke wake. Sisi kiwandani tulifanya hivyo hivyo: pampu ilizunguka, vifuniko vya tenki tuliviziba kwa magunia, na mabonge yalitoka asubuhi yakiwa mazima, isipokuwa yale ya safu ya karibu na mlango.