Naomba ushauri: rufaa ya mama kwenda kwa daktari wa moyo

Habari zenu ndugu zangu, shikamooni wakubwa.

Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Geita. Ana presha ya muda mrefu, na siku hizi miguu inavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Usiku halali bila kuwekewa mito mitatu, akilala chali pumzi inakata. Hospitali ya wilaya walimpima umeme wa moyo wakasema moyo umepanuka, wakampa dawa za presha na za kutoa maji. Mashine ya eko, ile ya kupiga picha ya moyo, hawana.

Nimeomba rufaa, daktari anasema tumalize dawa kwanza. Nikarudi kwa mwingine, naye akanielekeza kwa yule yule wa kwanza. Kaka yupo Dar, anasema nimpandishe basi tu hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Rahisi kusema! Mama anatibiwa kwa kadi ya NHIF (bima ya afya ya taifa) kama mtegemezi wangu, na naogopa tukifika bila fomu ya rufaa tutaambiwa tulipe taslimu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni karibu zaidi, ila nayo ni hospitali ya kanda.

Naomba kujua: hospitali ya wilaya inaweza kumwandikia rufaa ya Bugando moja kwa moja, au lazima tupitie hospitali ya mkoa? Na daktari akiendelea kukataa, namwona nani pale pale hospitalini, mganga mfawidhi au ofisi ya bima?

Aliyewahi kupita njia hii anisaidie tafadhali.