Tupeane uzoefu: injini inavuja oili na umeamua kupambana nayo mwenyewe nyumbani

Wakuu habari zenu. Naanza na yangu. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ, nimeichukua mkononi kwa mtu ikiwa imeshatembea sana, mwaka jana nikaanza kukuta doa chini kila asubuhi, saizi ya chapati. Nikampelekea fundi, akalala chini dakika mbili akaniambia bosi hiyo sampo (lile bakuli la oili chini ya injini), ikafunguliwa ikapigwa silikoni mpya, wiki mbili doa likarudi palepale. Tukarudia tena, likarudi tena, na silikoni ilishajaa mpaka imetokeza pembeni kama krimu ya keki.

Jumamosi moja nikasema leo mimi na wewe. Nikanunua digirisa (dawa ya kuondoa grisi), nikafunika alternata na koili kwa mfuko wa rambo (wa enzi zile kabla hawajaupiga marufuku, nilikuwa nao stoo), nikasugua injini yote kwa brashi ya viatu, nikasuuza kwa maji kidogo, nikaiacha ikauke kabisa halafu nikapaka poda ya mtoto kuanzia juu mpaka kwenye sampo. Nikazunguka nayo Kimara mpaka Mbezi na kurudi. Kufungua boneti, poda ya pembeni mwa sampo nyeupe pee, ila pale kwenye kona kava ya cheni inapokutana na silinda hedi (kichwa cha injini) kuna mchirizi mweusi mwembamba kama njia ya sisimizi, unashuka unapita nyuma ya braketi unaenda kuning'inia kwenye nati ya sampo. Kumbe sampo inasingiziwa! Ilikuwa gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu kabisa wa injini), imekauka hadi nilipoitoa inakatika kama biskuti. Soketi namba 10 tu, nikasafisha, nikaweka gasketi mpya ya maduka ya spea Gerezani na kitone cha silikoni kwenye zile kona mbili, basi. Na ile harufu ya oili kuungua kwenye foleni ikapotea siku hiyohiyo.

Haya, nanyi leteni zenu.

Mzee wa Probox, Nakuru
Yangu ni aibu bana. Nilijibadilishia oil na filta mwenyewe, kuwasha gari, mafuta yakamwagika kama mtu amefungua mfereji. Nikazima mbio. Kumbe ile raba ya filta ya zamani ilibaki imeshikilia kwa injini, nami nikafunga filta mpya juu yake, raba mbili. Tangu siku hiyo filta nikiitoa lazima niigeuze niangalie raba iko, na mpya naipaka oil kidogo kwa kidole nafunga na mkono pekee, spana siguzi.

Spana Mkononi
Vijana mnabadilisha gasketi mnasahau kitu kimoja, PCV, ile valvu ndogo ya kutolea hewa ya ndani ya injini. Hiyo ndiyo pua ya injini, ikiziba injini inavimba presha ndani na oili inatafuta pa kutokea, leo sili ya krenki (shafti kuu ya injini), kesho tapeti kava. Kwangu nilibadilisha sili ya mbele mara mbili ndani ya miezi minne ndipo nikaishtukia. Itoe uitikise, ikiwa nzima utasikia inacheza chwaka chwaka, ikiwa kimya imeganda. Kapya hakakufilisi. Na hizo bolti za tapeti kava msizikaze kwa hasira, anzia katikati uende nje kwa zamu, ukizidisha unakata uzi wa tundu la bolti kwenye aluminiamu halafu unarudi huku kulia.

Boda Msomi
Mkuu hapo kwenye uzi umenigusa. Pikipiki yangu ilikuwa inalowa chini, mimi kila jioni naikaza nati ya kumwagia oili, kila jioni, mpaka siku moja ikawa inazunguka tu haishiki. Nikaizungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Ilikaa siku tatu. Mwisho ikabidi ikachongwe uzi mpya na nati kubwa zaidi, wakati tatizo la mwanzo lilikuwa washa ya shaba tu, imechoka.

Mama Vitz
Jamani ya kwangu inadondokea pale injini inapoungana na gia boksi, naongeza nusu lita kila baada ya wiki mbili. Nimeambiwa sili ya nyuma ya krenki, gia boksi lazima ishuke. Naweza kufanya nyumbani na mdogo wangu?

Spana Mkononi
Dada yangu, kushusha gia boksi uani kwa jeki moja hapana, hata jeki mbili hapana. Ila usilipe bado. Oili ya juu nayo huwa inateremka kwa nyuma inakuja kudondokea hapohapo. Safisha kwanza, paka poda kama mwenye mada, chungulia nyuma ya tapeti kava na kwenye swichi ya presha ya oili.

Mama Vitz
Nimerudi. Juu kote pakavu. Swichi ya oili ndiyo imelowa, mpaka soketi ya waya imejaa oili ndani. Mdogo wangu kashaipanda daladala kufuata mpya, gari nimeitandikia boksi la friji chini nione kama itadondosha, asubuhi nitawaambia.