Mjadala: Je, ni lazima anayejifunza pikipiki aanguke kwanza?

Mleta mada

Wadau, kuna kauli moja nimechoka kuisikia na naomba tuijadili kwa uzito wake. Kila kijana anayeanza kujifunza pikipiki anaambiwa, "Usipoanguka hujajua." Akianguka, kijiwe kizima kinacheka, mmoja anainyanyua pikipiki, mwingine anamkung'uta vumbi, kisha wanamwambia sasa umekuwa dereva. Siku si nyingi utamkuta anapakia abiria.

Msimamo wangu nautaja mapema: kauli hiyo si kweli, na inaumiza watu. Pikipiki kukulalia ukiwa umesimama, au ikiwa inatambaa kiwanjani, hilo linatokea na silishangai. Lakini kula mzinga, kuruka tuta ukaishia mtaroni, kuserereka kwenye lami ukaacha ngozi ya goti pale, hayo hayamo kwenye somo lolote. Hayo yanatokea kwa sababu mtu hakufundishwa. Na tukishayaita ya kawaida, hakuna atakayeulizwa kwa nini mwanafunzi alipelekwa barabara kuu kabla hajajua kusimama.

Angalieni tunavyofundishana. Rafiki anakuja na Boxer yake jioni kwenye uwanja wa mpira. Somo zima ni hili: hapa mafuta, hapa klachi, gia unakanyaga hivi, breki ni hii ya mguu. Halafu onyo moja: "Ya mbele usiiguse, itakutupa." Mwanafunzi anaachia klachi kwa mkupuo, pikipiki inaruka, kiwiliwili kinabaki nyuma. Mkono wa kulia umeng'ang'ania usukani, na kwa kuwa mwili unavutwa nyuma, kifundo kinazidi kuvuta mafuta. Kadiri anavyoogopa ndivyo kasi inavyopanda. Kila aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja ameiona picha hii ikiishia kwenye ukuta au kwenye mkorosho.

Dawa yake inajulikana na haina gharama. Mwanafunzi aanze bila kugusa mafuta kabisa. Sehemu tambarare, gia ya kwanza, aachie klachi kidogo kidogo mpaka pikipiki ianze kutambaa yenyewe kwa nguvu ya sailensa, yaani injini ikizunguka bila kuongezwa mafuta, kisha aibane tena isimame. Arudie mpaka vidole vijue pale klachi inaposhika. Mafuta yaje baadaye, na kifundo cha mkono kikae chini, siyo juu.

Hiyo breki ya mbele tunayowatisha nayo ndiyo breki yenyewe. Ukifunga breki, uzito wa pikipiki na wako unahamia gurudumu la mbele, kwa hiyo takriban asilimia 70 ya nguvu ya kusimama iko mbele. La nyuma linakuwa jepesi, linajifunga, linaanza kuserereka. Ya mbele inakutupa ukiikamata kwa pupa, au ukiibana juu ya mchanga, au usukani ukiwa umekunjwa. Kwa nini tusimfundishe mtu kuibana polepole halafu kwa nguvu, badala ya kumkataza?

Haya si maoni yangu tu. Mwaka 1981 Marekani walitoa ripoti ya utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Walichunguza ajali zaidi ya 900 za pikipiki mjini Los Angeles, tena wakifika pale pale ajali ilipotokea. Asilimia 92 ya madereva waliopata ajali walikuwa wamejifundisha wenyewe au kufundishwa na ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa hawajamaliza miezi 5 kwenye pikipiki waliyoanguka nayo. Na walipofika kwenye hatari, kosa lililojirudia ni kukanyaga ya nyuma mpaka ikaserereka huku ya mbele wakiitumia kidogo mno. Ni onyo lile lile la uwanja wa mpira.

Japani mtahiniwa wa pikipiki ya kawaida anapita juu ya njia nyembamba yenye urefu wa mita 15 na upana wa sentimita 30, na hatakiwi kuimaliza chini ya sekunde 7. Akitoka nje ya njia, au akianguka, mtihani umeishia hapo. Kutoka kilomita 40 kwa saa lazima asimame ndani ya mita 11 kwenye lami kavu. Mafunzoni anafundishwa hata kuinyanyua pikipiki iliyolala, maana wanajua italala. Ila inalala ndani ya uwanja wa chuo, hakuna abiria, hakuna lori nyuma.

Swali langu kwenu: kuanguka ni lazima? Na dereva mpya aruhusiwe kubeba abiria wa kulipa tangu siku anayoshika leseni ya pikipiki, au asubiri?

Dereva bodaboda, Mbagala

Mkuu nakuheshimu, ila mchanga wa huku kwetu haumsubiri mtu amalize chuo. Mimi nimejifunza kwa kuanguka, na kila nilipoanguka nimejua kitu. Mtoto akijifunza kutembea anaanguka, mbona hamumlaumu mama yake? Halafu kuna jambo hamlijui nyie mnaokaa nyuma ya abiria mwingine kwenye daladala. Dereva aliyewahi kuumia anaendesha kwa adabu. Anayekimbiza, anayepita katikati ya malori mawili, ni yule ambaye lami haijamfundisha. Sisi kijiweni tukimwona wa hivyo tunasema huyu bado hajaanguka.

Na pesa je? Ada ya mafunzo, leseni, nauli ya kwenda na kurudi, huku bosi mwenye pikipiki anataka jioni hesabu yake, ile pesa ya kila siku. Kijana anayeingia bodaboda mara nyingi ameingia kwa sababu hana kitu.

Muuguzi, mapokezi ya dharura

Kaka wa Mbagala, naomba nikujibu hapo kwenye adabu. Sisi tunawapokea hao waliokwisha kufundishwa na lami, na wapo wanaorudi mara ya pili wakiwa na kovu la mara ya kwanza. Maumivu yanamtia mtu woga wa muda. Hayamfundishi mkono wake ufanye nini gari likimkatia mbele.

Majeraha ya wanaoanza nayajua kabla sijafunua shuka. Shavu la mguu limeungua na egzosi, kwa sababu pikipiki imemlalia naye hakujua kutoa mguu. Kifundo kimevunjika ndani ya ndala. Mfupa wa muundi umetokeza nje na una mchanga, na mchanga ule kuutoa ni kazi ya chumba cha upasuaji, siyo ya bakuli la maji na spiriti. Kijana huyo atakaa miezi, na nyumbani kuna mtu aliyeacha biashara yake ili amuuguze.

Kofia ngumu nayo. Taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kupitia tafiti za afya, ilipitia tafiti nyingi ikaonyesha kofia inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe imefungwa kidevuni. Tunaletewa watu na kofia zao mkononi mwa msamaria, hazina hata mkwaruzo, kwa sababu zilichomoka mapema.

Na mnaomzungumzia ni dereva tu. Abiria hana usukani wa kushika, haoni kinachokuja, na wala hakukubali kuwa sehemu ya mafunzo ya mtu.

Mwalimu wa udereva

Nimefundisha pikipiki muda mrefu. Kwenye kiwanja changu pikipiki zinalala, sitadanganya. Nyingi zinalala wakati wa kukata kona ndogo kwa mwendo wa kutambaa: mwanafunzi anashtuka, anabana breki ya mbele huku usukani umekunjwa, basi. Au anatazama gurudumu badala ya kutazama anakokwenda. Ukitazama shimo utaingia shimoni. Lakini wanafunzi wanaomaliza bila kuangusha pikipiki hata mara moja nao wapo, na hawaendeshi vibaya kuliko wenzao.

Ninachoomba kiongezwe: wanaojua baiskeli hujifunza haraka zaidi, kwa hiyo asiyejua mizani kabisa aanzie kwenye baiskeli. Na mwalimu asipande nyuma. Uzito wake unambadilishia mwanafunzi kila kitu, na wakianguka wanaanguka wawili.

Mchangiaji

Mleta mada, hoja ya breki nakubaliana nayo moja kwa moja. Hapo kwenye vyuo naona umekwenda haraka mno. Hao hao Cochrane mwaka 2010 walipitia tafiti kuhusu mafunzo ya madereva wa pikipiki, na hawakupata ushahidi wa kutosha kusema mafunzo yanapunguza ajali au ni aina gani iliyo bora. Kuna na kisa cha Norway, cha madereva wa magari: vijana wa kiume waliofundishwa kuendesha kwenye barabara ya utelezi walipata ajali nyingi zaidi baadaye, kwa sababu walitoka pale wakijiona mabingwa. Dereva wa Mbagala ana hoja kuhusu kujiamini, msimtupe.

Mmiliki wa pikipiki

Mimi natoa pikipiki kwa mkataba. Nikidai leseni na cheti, kijana anakwenda kwa jirani yangu asiyedai chochote. Mtakaponiambia serikali inatubana wote sawasawa, nitadai. Kwa sasa ninachoweza ni kumwona akiendesha kabla sijampa ufunguo.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Naanza na Mchangiaji, kwa sababu amenibana kwa haki. Cheti peke yake hakitoi usalama, na mafunzo ya kuonyesha umahiri wa kuteleza yanaweza kumharibu mtu kabisa. Ninayoyadai ni madogo zaidi: klachi, breki zote mbili, kutazama mbele, kofia iliyofungwa. Na suala la abiria halitegemei ubishi wa vyuo. Hata kama mafunzo yote duniani hayafai kitu, bado dereva anayeanza asiwe na mtu mgongoni katika miezi ambayo ni ya hatari zaidi.

Kaka wa Mbagala, kuhusu mtoto anayejifunza kutembea: anaanguka kutoka urefu wake mwenyewe, na mama yuko hatua moja. Kijana wako anaanguka akiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, ambapo sekunde moja tu ya kushtuka imeshakula mita 11 kabla hajagusa breki. Kwenye pesa uko sahihi, na ndiyo maana sitaki tuishie kusema "waende chuo." Napendekeza vijiwe vyenyewe viweke utaratibu: dereva mpya miezi ya kwanza abebe mizigo tu.

Dereva bodaboda, Mbagala

Hapo mkuu hujawahi kubeba gunia la mkaa. Gunia halikushiki kiuno, halijui kulala na wewe kwenye kona, na likihama upande mmoja umekwisha. Mzigo ni mgumu kuliko abiria. Ukimpa mgeni mkaa umemuua wewe.

Mleta mada

Nimekubali, mkaa uondoke. Vifurushi basi: chakula cha hotelini, nguo za dukani, nyaraka. Kitu kinachoingia kwenye boksi la nyuma.

Dereva bodaboda, Mbagala

Vifurushi sawa, hata mdogo wangu ningemwanzishia huko. Lakini vifurushi havifikishi hesabu ya bosi kila siku, hasa ukitoka mjini.

Muuguzi, mapokezi ya dharura

Basi bosi apunguze. Pikipiki iliyopinda fremu nayo haileti hesabu.

Mmiliki wa pikipiki

Kufuta hesabu siwezi, nami nina mkopo wa pikipiki hizo. Kupunguza kwa miezi mitatu ya mwanzo naweza, halafu mkataba tukausogeza mbele kwa kiasi hicho hicho. Ila nataka kijiwe kiniandikie kwamba kweli hatapakia abiria, maana mimi sitakuwepo barabarani kumwona.

Dereva bodaboda, Mbagala

Kuandika tutaandika, mwenyekiti wetu ana daftari. Niambie ni nusu hesabu au robo tatu, niwapelekee wenzangu kesho asubuhi.