Tupeane uzoefu: shamba lenu lilianza kufa lini?

Kadzo_Marafa: Jana nimepita nyumbani nikakuta pale tulipokuwa tukicheza mchezo wa kati sasa ni korongo. Sisemi Nyari ya watalii, lile korongo kubwa la Marafa, ile ni ya tangu jadi, nasema jipya nyuma ya choo. Lilianza kama kijia cha ng'ombe tu. Kwenu je?

fundi_makaa: Mimi niseme ukweli, ni mmoja wa waliokata. Ukame wa 2017 mahindi yalikauka yote nikaingia kwa miti ya mirihi na panga nichome makaa. Sasa tanuri unalala nalo, likitoboka hewa ikaingia asubuhi unakuta jivu, basi usiku likatoboka nikapanda juu kuziba na udongo, mguu ukazama motoni mpaka goti. Nimelala hospitali wiki tatu. Kutoka tu, masika ya 2018 hayo, maji yakateremka palepale nilipokata, hakuna mzizi wala jani la kuyapunguza kasi, yakazoa udongo wa juu wote wa shamba langu la mihogo. Yalibaki mawe.

BintiSabaki: Ndo udongo huo tunauona Malindi bahari ikiwa rangi ya chai ya maziwa.

Mzee_Garashi: Wa kwenu na wa huko juu kote, mto Sabaki unaanzia bara ukiitwa Athi. Msijisifu.

chengo254: Makaa makaa, na mbuzi wa majirani je? Wanang'oa mpaka shina.

mchungaji_halisi: Kulikuwa na nyasi za kung'oa? Zamani tulihama, malisho yanapumzika. Mkapiga ua kila mahali mpaka njia ya mtoni, wanyama wakabaki kukanyaga pamoja, ardhi ngumu kama sakafu, mvua haizami. Halafu mnalaumu mbuzi.

chengo254: Ua langu, shamba langu.

Dada_Gongoni: Fundi pole, mguu ulipaka nini?

BintiSabaki: Asali!

Mzee_Garashi: Asali gani, mada ni udongo jamani.

Dada_Gongoni: Haya. Mimi nilimwagilia nyanya maji ya kisima, yana munyu kidogo. Msimu wa tatu asubuhi naona unga mweupe juu ya matuta, kuonja, chumvi! Jua linanyonya maji chumvi inabaki. Sai haioti hata mchicha.

chengo254: Kadzo panda katani kukinga mteremko.

BintiSabaki: Au mathenge, ule mti wa miiba, haifi.

mchungaji_halisi: Wee! Waulize wa Garsen, kule Tana River, kama inatoka ikishaenea.

Kadzo_Marafa: Fundi, na sasa unapikia nini?

fundi_makaa: Makaa dada. Nanunua.